Sindano ya Tumbo na Wageni wa Mzee Zakaria

Wanangu wa shule ya uuguzi, mlinialika niwaeleze dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Nikaja na miwani yangu na karatasi yangu, nikasema nusu saa nzima yale yaliyomo vitabuni. Mwishoni yule binti wa mstari wa mbele, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi, akauliza: "Maman, dawa ya tumbo inaweza kweli kuharibu kichwa ya mutu?" Nikajibu, "Inaweza," nikaketi. Mkapiga makofi, mkaniletea soda. Jibu langu lilikuwa fupi mno, na sababu ya ufupi wake ninaijua mwenyewe. Tangu siku ile sijatulia hapa kwangu mtaani Ngezi, kwa hiyo naandika lililobaki. Mtanisamehe nikirukaruka, maana mambo haya hayanijii kwa mpangilio.

Kwanza niwaseme kidogo. Mnavaa saa lakini hamhesabu mapigo. Siku ile ile nilimwona mmoja wenu akimshika mgonjwa mkono sekunde tano, akaandika sabini na mbili, akaenda kujibu simu. Sabini na mbili ni namba ya wavivu. Nimeiandika mara nyingi, ndiyo maana naijua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Anselme, mkuu wa wodi yetu ya wanaume, mtu mwembamba, mkali, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mwezi wangu wa kwanza nilimpa katekista mmoja vile vidonge vikubwa vyeupe vya kutuliza asidi, pamoja na kikombe cha maji. Mzee wa watu akavimeza vizima, akakabwa, macho yakamtoka. Papa Anselme akampiga mgongoni mpaka kidonge kikaruka, kisha akanigeukia. "Weye, kwako munakula karanga bila kutafuna?" Nikasema hapana. "Basi na hii inatafuniwa. Na usiichange na dawa ingine. Inashika ile ingine, zote mbili zinatoka bila kufanya kazi. Ngojea saa mbili." Alisema hayo mbele ya wagonjwa ishirini, nao walicheka kuliko walivyokuwa wamecheka wiki nzima. Sikusahau tena.

Kabla ya hizi omeprazoli zenu, ambazo mnawaambia watu wameze nusu saa kabla ya kula, na wao wanameza na bia, sisi tulikuwa na simetidini. Ilikuja kwa vidonge na kwa ampuli, vile vichupa vya sindano. Ya ampuli tuliipenda kwa wagonjwa wanaotapika damu, maana tumbo lao halikubali kitu. Sasa sikilizeni. Simetidini ya mshipa haisukumwi haraka. Mimi niliisukuma haraka mara moja, kwa sababu nilikuwa na njaa na chakula kilikuwa kimeshaiva, na mgonjwa akawa na rangi ya majivu mbele yangu. Moyo wake ulienda polepole, ukasita, ukaenda tena. Alipona kwa huruma ya Mungu. Papa Anselme hakunifukuza. Hatukuwa na saa ukutani, na ya kwangu ilikuwa imekufa, basi akanipa dawa ya kutibu haraka yangu: kila sindano ya simetidini niisukume huku nikisali Baba Yetu mara kumi, polepole, kama kanisani.

Nikazoea. Wagonjwa wakawa wananisifu kwamba ni mtu wa sala. Sikuwasahihisha. Nilikuwa nahesabu tu.

Alinifundisha pia kuuliza mgonjwa anatumia nini kingine, maana simetidini inachelewesha dawa nyingine kutoka mwilini. Mwenye pumu anayemeza vidonge vyake vya kila siku anaanza kutetemeka, moyo unakimbia. Mwenye kifafa analewa kwa dozi ile ile aliyoizoea mwaka mzima. Na wazee, alisema, wazee waangalie sana, hasa ambao mkojo wao ni kidogo, maana figo ndizo zinazoitoa. "Muzee akianza kuongea mambo ya ajabu, usiite pasta. Angalia mukojo yake, angalia dawa, na uniite mimi." Alikuwa na jerikani ya plastiki iliyokatwa juu, yenye mistari aliyoichora kwa msumari wa moto, na kila mzee wa wodi yetu alikojoa humo kabla ya kumwaga. Hilo la wazee alinifundisha miaka kumi kabla ya Mzee Zakaria, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba sikujua.

Mzee Zakaria aliletwa wakati wa vita, katika miezi ile ambayo wenye bunduki walikuwa wanapokezana mji na sisi tukiamka hatujui leo tuko chini ya nani. Alikuwa mkulima wa upande wa Djugu. Majirani walimsukuma juu ya baiskeli siku mbili, wakamwacha getini, wakaendelea na safari yao ya kukimbia. Hakuwa na mtu wa kumlinda, hakuwa na blanketi wala sufuria. Mgongo ulikuwa unamuuma njiani, akawa anameza vidonge vya maumivu vya sokoni asubuhi na jioni, bila chakula, maana chakula hakikuwepo. Tumbo likachubuka ndani. Alipofika alikuwa anatapika kitu kama mashapo ya kahawa, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Mkiona hivyo msiulize maswali mengi, hiyo ni damu iliyopikwa na asidi. Tukampa maji ya mshipa, tukampa damu ya mlinzi wetu, na daktari akaandika simetidini, ampuli moja kila saa sita.

Halafu daktari akarudi kwenye chumba cha upasuaji, ambako majeruhi walikuwa wamelazwa hadi mlangoni. Papa Anselme naye akachukuliwa kwenda kusaidia huko. Akawa anapita kwetu asubuhi tu, anasoma daftari la zamu akiwa amesimama, anaondoka. Wodi nikabaki nayo mimi.

Siku ya tatu, kama saa nane mchana, nilikuwa nafunga bandeji kitanda cha jirani nikamsikia Mzee Zakaria anasema, "Karibuni, karibuni." Nikageuka. Alikuwa amekunja miguu yake, ameacha nafasi kubwa chini ya kitanda chake, kama mtu anayempisha mgeni akae.

"Mama," akaniambia, "leta kiti. Hawa watu wanasimama tangu asubui, na siye tunawaangalia tu."

"Watu gani, muzee?"

"Hawa. Weye hauwaone?" Akanitazama kwa huruma, akashusha sauti. "Iko wengi. Wengine wamelowa maji."

Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na jua la mchana limeingia kwa madirisha yasiyo na vioo, na wagonjwa ishirini na kitu walionyamaza ghafla. Yule niliyekuwa namfunga bandeji alivuta mkono wake, akanyanyuka na kidonda chake wazi, akaenda kulala sakafuni upande wa pili. Kufikia jioni vitanda viwili vya jirani yake vilikuwa wazi, katika hospitali ambayo watu walikuwa wanalala wawili wawili.

Hapo ndipo ilitakiwa nihesabu mapigo, nipime mkojo, nimwite Papa Anselme. Nilipima. Mkojo wa tangu asubuhi haukufika mstari wa kwanza wa jerikani. Nilijua mara moja. Nilisema moyoni: nikimaliza bandeji zilizobaki nitakwenda. Lakini sikuwahi kwenda, na hiki ndicho kilichonizuia.

Nilikuwa na mdogo wangu, Faustin. Aliishi nami hapa Ngezi. Alikuwa amepanda lori kwenda Komanda kutafuta maharagwe, na ilikuwa imetimia miezi mitano hatujapata habari, si ya lori, si ya dereva, si ya yeye. Mama yetu alikataa matanga. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye hajaambiwa amekufa. Baba yetu alisema tunamchelewesha mtoto, hapumziki. Walikuwa hawasemeshani, mimi nikiwa katikati yao.

Nilipomkaribia Mzee Zakaria na sindano ya saa kumi, akasema bila kunitazama: "Kuna kijana ku mulango. Anakutafuta weye."

Muuguzi anayejua kazi yake anauliza: unamwona nani, yukoje. Anamwacha mgonjwa ajaze mwenyewe. Mimi nikauliza: "Iko na jaketi ya bleu?"

"Ndiyo. Ya bleu."

"Anaitwa Faustin?"

"Faustin, ndiyo."

Mnaona nilivyofanya? Nilimlisha maneno, akanirudishia. Lakini kisha nikamuuliza, "Anasema nini?" na hapo sikumlisha chochote.

"Hasemi. Anapanguza miguu. Anapanguza, anapanguza, haingie."

Kwangu kulikuwa na gunia mlangoni. Ni mimi niliyemzoeza Faustin kwa kelele, kwa sababu ya matope mekundu ya mtaani kwetu, kupangusa miguu hapo mpaka niseme basi, ingia. Hilo sikuwa nimemwambia mtu hospitalini. Nimefikiri miaka yote hii na sina maelezo yake. Watu wengi hupangusa miguu mlangoni, najua. Nawaambia tu lilivyokuwa.

Nikatazama mlango. Nikasema kwa sauti ndogo, "Basi, ingia." Halafu nikamchoma sindano.

Jioni nilifungua daftari la zamu. Penye jina lake niliandika kwamba mgonjwa yuko mtulivu, na chini yake zile herufi tatu za Kifaransa mnazozipenda sana, R.A.S., maana yake hakuna la kutaja. Papa Anselme asubuhi akasoma, akaondoka.

Siku ya nne watu wa nje wakaanza kuja. Uwanja wetu ulikuwa umejaa wakimbizi waliolala chini ya mahema na kwenye veranda, na habari ilikuwa imewafikia kwamba kuna mzee anaona watu waliopotea. Wa kwanza alikuwa mama mmoja, Mama Régine, ambaye binti yake walipotezana njiani siku watu walipokimbia usiku. Alisimama mbali na kitanda, ameshika kitenge mdomoni.

"Mama infirmière," akaniita, yaani muuguzi, "uniulizie yeye. Iko na miaka kumi na ine. Iko na kovu hapa."

Ilitakiwa nimtoe. Nilimuuliza mzee, kwa sababu kama ningemkataza yeye ningepaswa kujikataza na mimi. Mzee Zakaria alitazama vitanda vile vilivyo wazi, kimoja kimoja, kwa makini. "Hapana," akasema. "Huyo haiko kati ya hawa." Mama Régine akapiga magoti akashukuru Mungu kwa sauti, maana kwake hilo lilikuwa na maana kwamba binti yupo hai. Mwingine aliyemfuata hakubahatika. Alitoka pale akipiga yowe, akaenda moja kwa moja kunyoa nywele kama mfiwa.

Hii ni hatari ya dawa ambayo hamtaikuta katika vitabu. Watu walikuwa wanaamua kuomboleza au kutoomboleza kwa sababu ya figo za mzee mmoja zilizoshindwa kutoa simetidini. Na mimi ndiye niliyekuwa naiingiza, ampuli moja kila saa sita, kwa Baba Yetu kumi.

Siku ya tano mapigo yalikuwa arobaini na nane. Nilihesabu dakika nzima, mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vinachuna blanketi la hospitali, vinachuna, kama mtu anayetoa mbegu kwenye pamba, na mdomo wake ulikuwa umekauka. Nilivuta dawa. Nilianza kusukuma na kusali. Nilipofika katika "utusamehe makosa yetu" akafungua macho.

"Wanakuitika," akasema.

"Nani, muzee?"

"Hawa wote. Ukisema, na wao wanasema. Ni vile hausikie."

Nikaendelea kwa kunong'ona, halafu nikaendelea moyoni tu, lakini nikaimaliza sindano yote. Nikauliza, "Na Faustin?" Akasema, "Angali ku mulango." Nikaandika R.A.S.

Nawaapia, wanangu, nilimpenda mzee yule. Nilimwosha uso, nilimnywesha uji, nilimgeuza asipate vidonda vya mgongoni. Wauguzi wenzangu hawakutaka hata kupita karibu naye. Na wakati wote huo nilikuwa namuua polepole, nikijua, kwa sababu nilitaka kusikia habari za ndugu yangu.

Siku ya sita, tena saa nane mchana, nilitoka dakika chache kuchota maji. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu na blanketi limekunjwa vizuri. Wagonjwa walinionyesha mlango kwa vidole. Mmoja, akiwa amejifunika shuka hadi puani, akasema: "Wageni walikuwa wanaenda. Ametoka kuwasindikiza."

Ninyi mnajua desturi yetu. Mgeni hasindikizwi mlangoni tu. Unamtoa, mnatembea, mnaongea, unafika naye njiani, hata mahali unapoona umbali ni wa heshima ndipo unamuaga. Mzee Zakaria alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Na njia iliyopita mbele ya geti letu ilikuwa na kizuizi cha watu wenye silaha, hatua kama mia mbili kuelekea mtaa wa Mbunya, ambacho tangu asubuhi hiyo hakuna mtu alikuwa ameruhusiwa kukikaribia.

Nilikimbia na kandambili moja, nyingine sijui ilinitoka wapi. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua, tupu, milango yote imefungwa, hata kuku hawakuwepo. Na katikati ya njia alikuwa yeye, miguu mitupu, shati la hospitali limefunguka nyuma, bandeji ya mkononi inaning'inia. Alikuwa anatembea mwendo wa mtu aliyefuatana na wengine. Anapunguza hatua kumngoja aliye nyuma. Anasogea pembeni kupisha. Anageuza kichwa kusikiliza, anacheka kidogo, anaendelea.

Wale wa kizuizini walikuwa wamesimama wote. Bunduki zilikuwa juu. Niliinua mikono miwili nikapita katikati yao na mzee nikipiga kelele, "Ni mugonjwa! Ni mugonjwa yangu!" Nikamshika kiunoni. Alikuwa mwepesi mno, na mwili wake ulikuwa wa baridi katika jua lile.

Mmoja akaja mpaka tulipokuwa. Hakuwa mtoto, alikuwa mtu mzima wa umri wangu. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama pande zote mbili za mzee, kushoto na kulia.

"Mama, huyu muzee anaongea na nani?"

Tangu siku ya tatu nilikuwa sijalisema neno hilo. Nikalisema pale, mbele ya bunduki, kwa mtu ambaye hakuwa mkubwa wangu wala daktari wangu. "Haongei na mutu. Ni dawa. Ni sindano yangu mimi inamufanya hivi."

"Sema tena."

"Ni dawa."

Alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Sijui alikuwa amefanya nini katika njia ile, na sikutaka kujua. "Basi mupeleke," akasema. "Mbio. Asiongee tena hapa."

Nikamgeuza mzee. Akakataa kutembea. "Haujaaga," akaniambia, kwa ule ukali wa wazee wanapoona mtoto hana adabu. "Kijana yako anaenda na wengine. Muage."

Nilikuwa nimetoka kusema kwa kinywa changu kwamba ni dawa. Nilikuwa najua dozi, najua mkojo, najua mapigo. Lakini niligeuka nikatazama njia ile tupu inayokwenda, nikapunga mkono. Nikapunga tena. Halafu nikamvuta Mzee Zakaria, tukarudi.

Papa Anselme alikuwa ametangulia kufika wodini, wagonjwa walikuwa wamemwita na kumweleza. Alimlaza mzee, akahesabu mapigo dakika nzima, akatazama jerikani kavu. Akafungua daftari, akarudisha kurasa nyuma, moja, mbili, tatu.

"Toka lini?"

"Siku ya tatu."

"Leo ni siku ya sita." Aliweka kidole kwenye maandishi yangu. "Uliandika ametulia."

"Ndiyo, Papa."

"Ulikuwa unamuuliza juu ya nani?"

Nikamwambia. Alivua miwani. "Mimi niko na wangu watatu," akasema. "Watatu, Béa. Lakini siwatafute mu damu ya mugonjwa."

Alisimamisha simetidini. Akaongeza maji ya mshipa, polepole, akampangia vile vidonge vyeupe vya kutafuna, na akaniamuru nipime mkojo kila saa na kuandika kiasi kwa namba, si kwa maneno. Kisha akachukua kalamu, akaandika chini ya R.A.S. zangu yote yaliyotokea, na jina langu. Daktari alisoma. Niliitwa, nikaadhibiwa, na adhabu ilikuwa ndogo kwa sababu hakukuwa na muuguzi mwingine wa kushika wodi. Tangu hapo, mgonjwa mzee akichanganyikiwa ghafla, nazitazama dawa kabla sijamtazama yeye usoni. Nanyi fanyeni hivyo. Na mkiwa mnamuuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa maswali, jichunguzeni majibu ni ya nani.

Mkojo ulirudi siku ya kwanza bila simetidini, kikombe, halafu viwili. Mapigo yakapanda. Siku ya tatu aliamka akaomba uji wenye sukari, akashangaa kwa nini vitanda vya jirani vitupu. Alinyoosha miguu yake kitandani. Hakumpisha mtu tena.

Mama Régine akaja mchana huo, akanivuta pembeni nyuma ya ukuta wa jiko. Alikuwa amesikia kwamba tumemkatia mzee dawa ya kuona.

"Mupe moja tu," akasema. "Moja. Nilisahau kumuuliza kama mutoto anakula."

"Mama, ilikuwa dawa. Hakuona kitu."

"Weye ulikuwa unamuuliza kila siku. Kwa nini ulikuwa unamuuliza?"

Ampuli zilikuwa kabatini, ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, na nilipokuwa namwambia hapana niliona mkono wangu umeushika. Nilimwacha amesimama pale. Nikaenda mpaka kwa majeruhi, nikamtafuta Papa Anselme, nikamvisha ufunguo shingoni mwake bila kueleza. Alikaa nao wiki tatu, na kila nilipohitaji dawa nilikwenda kumwita.

Faustin hakurudi. Si yeye, si lori, si dereva. Mama yetu alikufa bila kukaa matanga.

Mzee Zakaria aliondoka akitembea kwa miguu yake, ameshika fimbo, pamoja na watu wa kijijini kwake waliomkuta uwanjani. Nilikuwa nimemfungia vidonge katika karatasi, namweleza mara ya tatu kwamba vinatafunwa, kwamba asiguse tena vidonge vya sokoni vya mgongo, kwamba choo kikiwa cheusi asingoje. Akasikiliza yote. Kisha akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mama, siku zile sikumbuke kitu," akasema. "Wananiambia niliongea mambo mubaya, watu wote wakakimbia kitanda yangu. Lakini weye nakukumbuka. Ulikuwa unakuya, unakaa, unaniuliza, unaniuliza. Sina mutu, mutoto yangu hata moja hakubaki, na mutu alikuwa anakaa pembeni yangu kuniuliza hali. Mungu akubariki juu ya ile."

Alikuwa anangoja nimjibu. Watu wake walikuwa wanamngoja. Nilimtazama machoni, yalikuwa meupe safi, nikamwambia: "Ni kazi yetu, muzee."